Tuache kuuliza ni nani, tuulize ni kwa nini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha maneno unikatie mahali unaona inafaa lakini kiini ukiache. Kuna kitu kinanichoma roho kuhusu vile sisi wafanyabiashara wa huku Kisumu, na Nyanza na Magharibi kwa jumla, tunavyoshughulikia shida. Biashara ikianza kupoteza pesa swali la kwanza huwa moja tu, ni nani? Nani ameiba, nani ameniendea kwa mganga, nani amefungua duka mkabala na langu akanichukulia kastoma. Tukishapata jina tunamfuta kazi ama tunagombana naye, ama tunachukua mkopo wa simu kuziba pengo, roho inatulia wiki mbili, halafu shida ile ile inarudi. Hatuulizi ni kwa nini, na tukiuliza tunaridhika na jibu la kwanza.

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu, maduka, hoteli, posho mili, vyama vya kina mama, upande wa Kondele na Kibuye mpaka kule Ahero. Kwa hivyo mimi huitwa wakati mambo yashaharibika, mtu anakuwekea risiti kwenye karatasi ya nailoni anakwambia nitafutie mwizi wangu. Na nasema kweli wezi wako, siwezi kukataa, lakini mara nyingi sana ukifuata hesabu pole pole unafika mahali hakuna mwizi, kuna tu mpangilio ambao ulikuwa sawa zamani na sasa hauko sawa na hakuna aliyegundua.

Wacha nitoe mfano mmoja vizuri, juu bila mfano hii itakuwa maneno matupu. Kuna mama ana duka la rejareja, sukari anauza sana ya robo, si unajua watu wetu wananunua ya leo tu. Mfuko wa kilo 50 unafaa kutoa robo 200. Tuseme mfuko umenunua shilingi 7,000 na robo unauza 40, hapo unapata 8,000, faida 1,000 kabla hujatoa karatasi na kodi ya nyumba. Sasa huyu mama faida ya sukari ilianza kupungua mpaka akawa hata haelewi anauza nini. Akashuku vijana wawili wa duka, mmoja wao mtoto wa dada yake. Akachukua mkopo akaweka kamera. Kamera haikuonyesha kitu, akasema hao vijana ni wajanja wanajua mahali kamera haifiki, akawafuta wote wawili, na hiyo ikaleta maneno nyumbani mpaka mazishi fulani dada zake hawakumsalimia. Akaandika wengine. Sukari ikaendelea kupotea vile vile.

Hapo ndio nikaitwa. Kitu cha kwanza niliangalia si watu, ni tarehe, hasara ilianza mwezi gani? Halafu nikaweka hiyo tarehe kando ya risiti za saplaya nikaona mwezi ule ule ndio alihama kutoka kwa saplaya wa zamani kwenda kwa mwingine ambaye alikuwa anampunguzia shilingi mia kwa mfuko. Nikauliza, sukari ya huyu mpya ikoje, akasema ni nzuri, nyeupe, laini. Laini! Tukatoa pakiti kadhaa kwenye shelfu tukazipima moja moja, kila robo ilikuwa inaonyesha kama gramu 270 badala ya 250. Kumbe robo zinafungwa usiku kwa chumba cha nyuma na hazipimwi kwa mizani, zinapimwa na kopo la siagi lililokatwa, na hilo kopo lilipimwa miaka mingi iliyopita na sukari yenye chembe kubwa. Sukari yenye chembe ndogo inabanana zaidi, kopo lile lile likijaa linabeba uzito zaidi. Piga hesabu mwenyewe, gramu 50,000 ukigawa kwa 270 unapata pakiti 185 hivi. Pakiti 15 zimeenda bure kwa kila mfuko, hiyo ni shilingi 600 kati ya ile faida ya 1,000. Hata ile mia aliyopunguziwa na saplaya haikusaidia kitu.

Sasa niambie mwizi ni nani hapo. Kijana anajaza kopo vile alifundishwa, saplaya ameleta mali safi, kastoma analipa bei aliyoambiwa. Na swali halijaisha, kwa nini wanatumia kopo na mizani iko? Kwa sababu mizani ni moja na inakaa kaunta ya mbele, na kufunga kunafanywa nyuma usiku, na hakuna mtu aliwahi kusema kila tukibadilisha mali tunapima upya. Hapo ndio mzizi. Dawa yake ilikuwa mizani ya pili ndogo, iliyopigwa muhuri vile Sheria ya Mizani na Vipimo inataka, maana mizani yoyote ya biashara inafaa kukaguliwa kila mwaka, na karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa rahisi kuliko ile kamera. Kijana mmoja alirudi kazini. Yule mwingine alikuwa ashaenda Nairobi na jina la mwizi likiwa limemfuata, na hilo ndilo linaniuma zaidi kuliko sukari yote iliyopotea.

Hii njia ya kuuliza kwa nini tena na tena si mimi nimeitunga. Inatoka Japani kwa mtu anaitwa Sakichi Toyoda, alizaliwa 1867, na hakuwa mtu wa magari, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo. Kitu kikubwa alichotengeneza ni mtambo ambao uzi ukikatika unajisimamisha wenyewe, usiendelee kufuma kitambaa kibovu huku fundi anaangalia kwingine. Fikiria hiyo akili, shida ikitokea kazi isimame ionekane, isifunikwe. Mtoto wake Kiichiro ndiye alianzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na hizi Probox zinatubeba tumebanana kutoka Ahero ni matunda ya hiyo familia. Baadaye kuna injinia wao, Taiichi Ohno, ndiye alifanya kuuliza kwa nini mara tano iwe desturi ya kiwandani. Mfano wake wenyewe ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua. Kwa nini? Mashine ilibeba mzigo mzito kupita kiasi. Kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti ya pampu imelika kwa sababu hakuna chujio na vipande vya chuma vinaingia ndani. Ukiishia kwa fyuzi utabadilisha fyuzi mpaka uchoke, na chujio ni kitu kidogo tu.

Tano si namba ya uganga, wakati mwingine ni tatu, wakati mwingine inafika saba. Kitu cha maana ni kutoridhika mapema.

Na usifikiri hii ni ya viwanda vya Wajapani peke yake. Kuna posho mili moja njia ya Ahero ilikuwa inakata mkanda kila mara, mzee mwenye kinu alikuwa ameshaamini kwamba wanaouza mikanda mjini wanamuuzia feki. Fundi mmoja mtulivu, hata hakuwa na haraka ya kufungua spana, alikaa tu akasikiliza kinu kikisaga. Mkanda unakatika kwa sababu unateleza na kupata moto. Unateleza kwa sababu puli ya mota na puli ya kinu haziko kwenye mstari mmoja. Haziko mstari mmoja kwa sababu nati za kushikilia mota zimelegea. Zimelegea kwa sababu kinu chote kinatetemeka. Kinatetemeka kwa sababu zile nyundo za ndani hazina uzito sawa, mpya mbili upande huu na zilizolika upande ule, na kitu kinachozunguka kwa kasi namna hiyo kikiwa kizito upande mmoja lazima kitetemeke. Nyundo zinafaa kubadilishwa seti nzima, ama angalau zile zinazotazamana ziwe na uzito mmoja, na mzee alikuwa anabadilisha ile iliyovunjika tu.

Kwa fundi hapo ndio mwisho, kazi yake imeisha. Lakini kwa mtu wa vitabu kuna kwa nini moja imebaki. Kwa nini mzee alikuwa ananunua nyundo moja moja na yeye anajua vizuri seti ni nzuri? Ni kwa sababu kila jioni pesa yote ya kinu ilikuwa inaenda nyumbani, hakuna iliyobaki ikiitwa pesa ya kinu, kwa hivyo siku nyundo inavunjika mfukoni kuna ya nyundo moja. Ukimpa huyu mzee seti nzima ya bure leo, mwaka ujao utamkuta pale pale. Tulichofanya ni kuweka namba nyingine ya simu, sehemu ndogo ya mapato ya kila siku inaingia huko kabla hajafunga mlango, na haiguswi isipokuwa kwa spea. Aliona uchungu mwanzo, akasema watoto wanahitaji, nikamwambia watoto ndio wanakula kutoka kwa hicho kinu.

Ndio maana nina ugomvi na hii mikopo ya simu. Siipingi mikopo, biashara inahitaji mtaji. Lakini mkopo ukiingia kwenye biashara ambayo inavuja na hujui inavujia wapi unaongeza tu kitu cha kuvuja, na sasa unavuja na riba juu. Mtu akinijia anasema nahitaji 20,000 ya stoki mimi humuuliza stoki ya kwanza ilienda wapi, na hapo ndio mtu ananikasirikia. Mara nyingi ilienda karo ya Januari, ama iko kwa madeni ya majirani ambayo hayajaandikwa popote, ama ilienda matanga. Hizo zote ni sababu za kibinadamu na simlaumu mtu kwa kuzika ndugu yake. Lakini tukijua ni karo basi tunajua dawa ni kuweka ya karo kuanzia Agosti, si kuchukua deni kila Februari.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na huku kwetu maradhi ya biashara yanafichwa sana, mtu anaona aibu kufungua kitabu mbele ya mkewe ama mumewe. Shida ikijulikana na watu wote wa nyumba mzizi unapatikana haraka, maana kila mmoja ameona kipande chake.

Sasa nije kwa jambo kubwa ambalo gazeti lako linaliandika kila mwaka, yaani miwa. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya miwa, kwa hivyo naliongea kwa uchungu. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga 1973 na kwa miaka mingi ndicho kilikuwa kinasomesha watoto wa upande ule, lakini 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kampuni ikishindwa kulipa madeni. Miwani, kiwanda cha kwanza kabisa cha sukari nchini, kilifungwa kitambo, Muhoroni nayo ilikaa chini ya mrasimu miaka na miaka. Na dawa tulizotoa ni zipi? Pesa za kuokoa kiwanda, madeni kufutwa, menja kubadilishwa, bodi kuvunjwa, na COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kuombwa ituongezee muda wa kuzuia sukari ya nje, muda ambao uliongezwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Sisemi hizo zote ni mbaya. Nasema zote zinagusa juu.

Fuata kwa nini uone. Kiwanda hakina pesa kwa sababu sukari inayotoka ni kidogo ukilinganisha na miwa inayoingia. Kwa nini? Kwa sababu miwa inayoingia ni michanga, na hata ile iliyokomaa inakaa kwenye shamba ama kwenye trela siku nyingi baada ya kukatwa, na kila anayelima anajua muwa ukikatwa unafaa kusagwa ndani ya siku moja ama mbili la sivyo utamu unashuka. Kwa nini michanga? Muwa uliopandwa upya huku kwetu unataka kama miezi 18 ama zaidi, lakini mkulima anauza mapema kwa yeyote anayekuja na trekta na pesa taslimu. Kwa nini anauza mapema, hajui anajipunja? Anajua! Anauza kwa sababu yule aliyeandikiana naye mkataba, akampa mbolea na mbegu, alimkalia na malipo ya msimu uliopita mpaka mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Kwa nini hakumlipa? Kwa sababu kiwanda hakina pesa. Umeona umerudi ulipoanzia? Huu ni mzunguko, na ukimwaga mabilioni mahali ambapo si pale mkulima analipwa kwa wakati mzunguko unazimeza na kuendelea kuzunguka.

Na tuna ushahidi, hatuhitaji kubahatisha. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Ilikuwa kilio, wafanyakazi walikaa nyumbani, sukari ikapanda bei madukani na mimi nikaona kwenye vitabu vya kastoma wangu vile ilivyoumiza. Lakini mwaka 2024 uzalishaji wa nchi ukapita tani 800,000 wakati 2023 haukufika 500,000. Kwa sehemu kubwa viwanda ni vile vile na mitambo yake mikuukuu. Kitu kimoja kikubwa kilichobadilika ni kwamba muwa uliachwa ukakomaa, na mvua nayo ilisaidia. Hiyo inakwambia tatizo lilikuwa wapi miaka hiyo yote tukibadilisha mameneja.

Lakini kusimamisha nako si mzizi, kwa sababu kulilazimisha muwa ukomae bila kugusa ile sababu ya mkulima kuuza mchanga. Mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony (South Nyanza), vimekodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30. Naomba hao wawekezaji wafanikiwe, naomba sana, kuna watu wangu kule. Ila swali ambalo nasikia likiulizwa kwenye mikutano yote ni la nani. Nani amepewa, ni wa kabila gani, rafiki wa nani. Ni swali halali kwa mali ya umma. Lakini sisikii mtu akiuliza kwa sauti ile ile mkulima atalipwa siku ya ngapi baada ya kupeleka miwa, na zikipita hizo siku ni nini kinatokea wenyewe bila yeye kuandamana. Hilo likikosa jibu, miaka 30 ni mingi.

Kuna kitu lazima niseme hapa kwa sababu nimeona watu wakitumia hii njia vibaya. Kwa nini tano zinaweza kukupeleka pabaya ukiwa unaziuliza ukiwa umekaa ofisini. Unajijibu mwenyewe kile ulichokuwa unataka kusikia, na mwisho wake unafika tena kwa mtu, mfanyakazi ni mvivu, mama mboga ni mkaidi. Huyo Ohno ninayemtaja alikuwa anachora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda anamwambia injinia asimame humo aangalie kazi ikifanyika, masaa mengi, asitoke. Ndio, inachosha, lakini ukisimama unaona. Serikali za kaunti zetu zingefanya hivyo kabla ya kujenga masoko. Soko linajengwa zuri, lina paa na vyoo, wachuuzi wanaingia wiki moja wanarudi barabarani, askari wanawafukuza, wanarudi, wanafukuzwa, na kila mtu anasema hawa wachuuzi hawana adabu. Simama kwenye duara saa kumi na moja jioni uangalie watu wanashukia wapi kwenye matatu na wanapita njia gani kwenda nyumbani. Nyanya inauzwa mahali mguu unapita. Ukijenga kwa mgongo wa hapo hata uweke marumaru hawatakaa.

Tena kuna shida ambazo hazina mzizi mmoja, na hapo mstari mmoja wa kwa nini hautoshi. Mjapani mwingine, Kaoru Ishikawa, alikuwa anachora mchoro unaofanana na mfupa wa samaki, kichwa ndio shida, na ile mifupa ya pembeni ni pande zote ambazo sababu inaweza kutokea, watu, mashine, mali, njia ya kufanya kazi, vipimo, mazingira. Nadhani sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa mfupa wa samaki unakaaje. Nilikaa na kina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, tukauchora na makaa kwenye gunia, kichwani tukaandika bei mbaya wakati wa mvua. Walikuja wakiwa na jibu moja, mabroka. Tulipomaliza mabroka walikuwa mfupa mmoja tu. Mfupa mwingine ulikuwa omena inaanikwa chini kwenye mchanga, mvua ikinyesha haikauki inaoza, na iliyooza haiendi kwa chakula cha watu inaenda kwa chakula cha kuku na bei yake iko chini sana. Mwingine, usiku wa giza bila mbalamwezi samaki inavuliwa kwa wingi, wote wanaleta siku moja bei inaanguka. Mwingine ni gorogoro, yale makopo ya kupimia, kila mnunuzi anakuja na yake na zote zimepigwa matako zikaongezeka. Broka anakuwa na nguvu kwa sababu hiyo mifupa mingine iko. Mama mwenye omena kavu, safi, iliyoanikwa juu ya vichanja vya waya na mbao, anaweza kukataa bei leo akauza wiki ijayo. Mwenye omena mbichi inayonuka hawezi kumkatalia mtu yeyote.

Hawakumaliza mifupa yote, na vichanja navyo ni pesa, mbao siku hizi si mchezo. Walianza na vichanja kwa sababu ndio ilikuwa ndani ya uwezo wao, mvua hawawezi kuigusa na mbalamwezi hawawezi.

Hata hili gugu maji, ambalo limetusumbua kwenye ghuba ya Winam tangu karibu 1990, nasikia tu mashine, mashine, mashine ya kuling'oa. Mashine inahitajika, boti zikikwama watu hawali. Lakini hilo gugu linakula mbolea inayosombwa kutoka mashambani na maji taka yanayoingia ziwani kutoka miji yetu, na mazingira yakiwa mazuri linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili. Mashine gani itashindana na hiyo huku chakula chake kinamiminika kila mvua ikinyesha?

Kwa hivyo, Bwana Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa mabenki, vyama vya akiba na hizi kampuni za mikopo ya simu. Kabla mumpe mfanyabiashara mkopo wa pili muulizeni wa kwanza ulifanya nini, na msitosheke na jibu la neno moja. Najua mnapata riba hata akianguka, lakini mtu aliyeanguka harudi tena kukopa.

La pili ni kwako na waandishi wako. Biashara ikifungwa huku, ama kiwanda kikisimama, mnatuandikia kimefungwa, wafanyakazi kadhaa wamepoteza kazi, mheshimiwa fulani amelaani na mwingine akamjibu. Tumeshazoea hiyo habari, tunaweza kuiandika sisi wenyewe. Tumeni mwandishi mmoja akae na kiwanda kimoja cha sukari msimu mzima, tangu muwa ukatwe mpaka mkulima apokee pesa yake kwenye simu, ahesabu siku muwa unakaa kwenye trela, ahesabu siku za malipo, aandike kila jina la ofisi ambapo karatasi inalala na ni kwa nini inalala hapo. Aulize meneja, aulize dereva wa trekta, aulize mama aliyeuza muwa wa miezi kumi. Akirudi chapisheni yote, hata ikichukua kurasa nne, na mimi nitanunua nakala nizipeleke kwa wakulima wa nyumbani wakazisome.

Wako katika kujenga biashara zetu,

Mwandishi wa vitabu vya hesabu,
Kondele, Kisumu.